Washa Moja

Fundi Chaula hafundishi.
Anakupa tochi, anaingia chini ya gari,
na kutoka kule chini inakuja sauti:
"Kumi na nne. Kumi na saba. Siyo hiyo wewe, kumi na saba!"
Miezi minane nimekuwa mkono wa kupokea namba.
Hesabu niliyoikimbia kidato cha pili
imenifuata hadi Uyole, imevaa grisi.

Asubuhi za Juni chuma hakishikiki.
Spana inang'ata vidole kama mbwa asiyekujua.
Tunawasha maboksi ndani ya ringi kuukuu, tunaota,
tunarudi nyumbani tunanuka moshi na dizeli,
na mama ananisimamisha mlangoni:
"Shati livulie huko huko nje, Asajile, humu tunakula."
Lakini nimemwona akilinusa
kabla hajaliloweka.

Jumanne ile likaja Fuso la Mdegela,
limejaa viazi vya Isongole hadi juu ya bodi,
breki zinalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.
Tukafungua hapu, tukabadili liningi,
beringi nikaziosha kwa petroli mpaka zikacheka.
Jua limeshajificha nyuma ya Loleza
simu ya Fundi ikaita, mtu anamdai, au yeye anamdai mtu,
akaondoka akisema bila kugeuka:
"Malizia la kushoto. Funga."
Funga. Neno moja tu.
Nikafunga.
Mdegela akanipa elfu mbili ya soda,
akapiga honi, akaushika Mlima Nyoka.
Mbele yake Makambako, Mafinga,
na mbele ya hapo, Kitonga.

Saa tano usiku natundika suruali msumarini,
kitu kikadondoka, kikazunguka sakafuni,
kikajipa muda wake wote kabla ya kutulia.
Washa.
Nene, bado ina mafuta.
Nikakaa kitandani nikaifungua hapu upya, kichwani,
nati kwa nati, na kila nikifika katikati
naona kona, naona gurudumu likitangulia peke yake,
viazi vinashuka bondeni, na kofia ya Mdegela.

Nikagonga kwa Fundi. Alitoka na shuka mabegani.
Maneno yalinikataa, nikampa tu.
Aliipima kiganjani, akaipitishia dole gumba,
akanitazama kuliko alivyowahi kunitazama.
"Vaa koti," akasema. Akatoa pikipiki.

Baridi ya Inyala siielezi.
Tulimkuta Chimala, Fuso limeegeshwa jirani na banda la supu,
Mdegela amelala, soksi ziko dirishani.
Aliamka anatutukania ukoo mzima.
Fundi akanipa spana.
Tochi akaishika yeye.
Mwanga wake haukutikisika hata mara moja, wangu hutikisika.
Nikafungua kifuniko kwa vidole vya kuazima:
nati ipo.
Washa ipo, ulimi wake umekunjwa sawasawa,
kana kwamba aliyefunga ni mtu mwingine,
mtu mzima.

"Hii ni ya Korola ya Mchungaji Mwasanguti,"
akasema Fundi tukigeuza. "Nilijua tangu mlangoni."
Nikauliza: sasa kilomita zote hizi za nini?
Kwa muda mrefu ilijibu pikipiki.
"Wewe ulikuwa hujui."
Tulipoipita Igurusi akaongeza:
"Petroli nitakukata."

Akakata. Wiki tatu, bila aibu.

Jumapili Korola ikaingia uwanja wa kanisa,
tiki, tiki, upande wa kulia,
mlio ambao nadhani niliusikia peke yangu.
Kwaya ilikuwa imeshasimama, mama ananitafuta kwa macho.
Mimi nilikuwa chini ya gari,
washa mdomoni, kumi na saba mkononi,
na shati jeupe.